Kilometa Saba Zilizopotea Kati ya Butembo na Beni

Nilikwenda Beni kwa sababu ya litri mbili za mazutu, yaani dizeli. Litri hizo mbili, kwa kila kilometa mia moja, ndizo zilizomfikisha Kambale, shofere wa Mama Masika, karibu na kufukuzwa kazi. Aliyezitaja mbele ya watu ni mimi.

Mama Masika anauza mboga katika komini ya Bulengera, hapa Butembo. Ana pikapu moja ya zamani inayopeleka kabichi na vitunguu Beni na kurudi na mchele na ndizi. Mimi nina duka dogo la vipuri karibu na kwake. Sikusoma shule ya ufundi; moteri nilizijua kwa vitabu vya Kifaransa vilivyochanika na kwa kufungua vitu vilivyokufa. Kwa kuwa ninapenda kuandika, Mama Masika alinipa kazi ya kumtunzia daftari la gari: kila safari, kompteri, yaani saa ya kilometa, imesoma ngapi, na tanki limepokea litri ngapi. Shofere wa kwanza, kabla sijashika daftari, kwa hesabu ya Mama alikuwa akitumia litri kumi na tatu kwa kilometa mia. Alipoingia Kambale, mwanzoni mwa mvua, hesabu ilipanda hadi kumi na tano ikabaki hapo miezi saba. Siku moja pa parkingi mashofere walikuwa wakibishana gari la nani linakunywa kidogo. Nikafungua daftari nikawasomea. Neno mwizi sikulitamka, wala halikuhitajika.

"Kambale, zile litri mbili zinashukiaka wapi?" mmoja akauliza. "Ku taa ya bibi yako?"

Wote walicheka isipokuwa yeye.

Mama Masika aliposikia, aliniita. Nipande gari mwenyewe, alisema, kwenda na kurudi, nipime kila kitu. "Ikitoka kumi na tatu, njo kusema alikuwa anauzisha mazutu yangu. Ikitoka kumi na tano, iko na muguu muzito, anachoma bure. Utaniambia, na miye nitaamua."

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, tulikuwa kwenye stesheni ya mafuta, na ukungu ulikuwa bado umelalia vilima. Nilichagua mahali tambarare, jambo gumu kupata Butembo, nikaweka alama za mawe pale magurudumu yaliposimama ili tukirudi gari lisimame vilevile. Tanki likijazwa likiwa limeinama, hupokea pungufu. Tulijaza polepole, tukasubiri povu lishuke, tukaongeza tena mpaka mazutu yakaonekana shingoni. Kisha nikabandika karatasi juu ya kifuniko na kutia sahihi yangu. Kompteri niliisoma mara mbili.

Kambale, mtu wa miaka thelathini hivi, baba wa watoto watatu, alitazama yote hayo. Alipokwisha kukaa kwenye usukani ndipo alipouliza.

"Papa Katembo, ikitoka kumi na tatu, miye mwizi?"

"Ndivyo Mama alivyosema."

"Na ikitoka kumi na tano, miye muguu muzito?"

"Ndiyo."

"Donc, basi, njia yangu ya kupita iko wapi?"

Kipimo nilikipanga kwa uangalifu wote niliokuwa nao, na sikuwa nimeona kwamba milango yake yote miwili ilitokea mahali pamoja. Kambale akawasha moteri.

Kutoka Butembo hadi Maboya nilitazama mguu wake wa kulia kuliko nilivyotazama njia. Ulikuwa mwepesi. Mbele ya shimo aliuinua mapema, na kwenye matope alishika gia ya pili na kuliacha gari litambae. Niliandika: "Anaendesha vizuri." Kisha nikaona sentensi hiyo haina namba, lakini sikuifuta.

Baada ya Maboya njia inateremka zaidi. Pikapu nyingine ilitupita kimya kabisa, mabati yake tu yakigonga. Shofere wake alikuwa amezima moteri ili ashuke bure.

"Wewe huzimi?" nikamwuliza Kambale.

"Hapana. Ukizima moteri, breki inabakia ya maombi."

"Lakini yule anaokoa mazutu."

"Anaokoa, ndiyo. Siku atafika chini mbele ya gari yake, mutamupigia hesabu pia."

Tulibishana juu ya hilo kwa muda. Nilimweleza nilivyosoma: gari likiwa kwenye gia na mguu umeinuliwa, pompa ya moteri inakata mazutu karibu yote, basi faida ya kuzima ni ndogo mno. Alisema yeye hakusoma hayo, aliyasikia tu kwa sauti ya moteri. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kuzungumza kama watu wawili wa kazi moja.

Tulipopita Kabasha, tairi la mbele la kushoto lilitoka pumzi. Kambale aliingia chini ya gari akatoa gurudumu la akiba, lililofunikwa na udongo mkavu. Alipolifunga na kuondoa jeki, pikapu iliinama upande wa kushoto, na kabichi zikasogea.

"Ni ndogo," nilisema.

"Iko ya zamani, Papa. Ya kabla ya kubadirisha zile ingine. Lakini itatufikisha."

Niliandika katika daftari: pancha, dakika arobaini. Sikuandika zaidi. Nalieleza hili kama lilivyokuwa, kwa maana wasomaji watashangaa kwamba kitu kilikuwa mbele ya macho yangu nami nikapima dakika.

Saa tano tuliingia Beni. Joto lilitupokea kama kawaida; mtu anayetoka Butembo anavua koti kabla ya kusalimia. Tulishusha mzigo sokoni, kisha tukaenda komini ya Beu kwa dada yangu Kavira. Mume wake, Kakule, ni kwado: anaziba matairi mbele ya nyumba yake, chini ya bati moja na miti minne. Alituona tukija tumeinama, akaweka chini nyundo.

"Shemeji! Umeniletea gari, ao mulemavu mwenye kiatu kimoja?"

"Tuzibie tairi, shemeji. Matusi utanipa wakati wa chakula."

"Nitakupa yote mbili." Alizunguka pikapu, akalipiga teke lile gurudumu dogo. "Angalia. Hii moja inakimbia kama mutoto nyuma ya baba yake. Baba anapiga hatua kumi, mutoto anapiga kumi na mbili, na wanafika pamoja."

Nikafungua daftari, nikaangalia ilichosoma kompteri. Halafu nikamwuliza kutoka Butembo hadi Beni ni kilometa ngapi.

"Makumi tano na ine. Ata batoto ba masomo banajua."

"Kompteri imesoma arobaini na saba."

"Basi ile kompteri haikutokea Butembo. Ilipandia njiani."

Kavira, aliyekuwa mlangoni, alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilimwomba utepe wake wa kupimia nguo. Kila safari, kwa miezi saba, nilikuwa nimeandika arobaini na saba. Watu waliposema hamsini na nne, niliamini kwamba wao wanakadiria na chombo ndicho kinachopima.

Tulitia chaki juu ya tairi kubwa na juu ya ardhi, Kambale akalisukuma gari mpaka chaki ikashuka tena chini. Mzunguko mmoja: mita mbili na sentimeta arobaini. Kakule alipofungua gurudumu dogo ili arudishe kubwa, tulilibingirisha nalo. Mita mbili na sentimeta kumi.

Kompteri haioni njia. Inahesabu mizunguko ya gurudumu tu, na ilitengenezwa kwa gurudumu dogo. Kila mara tairi kubwa lilipozunguka na kumaliza mita mbili na sentimeta arobaini, yenyewe iliandika mbili na kumi. Kilometa saba zilikuwa zinapotea kila gari liliposhuka Beni, na saba nyingine kila lilipopanda. Magurudumu hayo makubwa yaliwekwa mwanzoni mwa mvua, kwa ajili ya matope, juma lile lile Kambale alipoanza kazi. Aliyemshauri Mama Masika ayaweke ni mimi, na nililiuza mimi mwenyewe kila moja.

Nilimweleza Kambale pale pale, kwa chaki. Sikuacha kitu.

Hakufurahi kama nilivyotazamia. Alisafisha mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Donc zile kilometa zilikuwa zinabakia ku njia."

"Ndiyo."

"Na jina yangu njo ilikuwa inabakia pamoja nazo."

Wakati wa chakula, Kakule alisema mambo yamekwisha. Nikasema hayajaisha. Bado hatukujua litri za safari nzima. Huenda hata kwa kilometa za kweli hesabu ingetoka kumi na tano, na hapo ningelazimika kuiandika. Kavira alinitazama vibaya. Lakini Kambale akamwambia, "Apime tu, Mama. Miye pia nataka kujua."

Ijumaa, saa mbili asubuhi, tulianza kupanda na magunia ya mchele na mikungu ya ndizi. Kupanda si kama kushuka. Moteri ililia gia ya pili kwa vipande virefu, na moshi ukawa mweusi. Hapo nilielewa kwa nini mashofere pa parkingi hawapatani kamwe: mmoja anataja alichokunywa akishuka mtupu, mwingine alichokunywa akipanda na mzigo, na wote wanasema kweli. Tulizungumza kidogo. Nilimsikiliza anavyobadilisha gia, na mimi mwenyewe nilikuwa na hofu ya kile pompa ya stesheni itakachosoma.

Saa saba mchana tulisimamisha magurudumu kwenye alama zetu za mawe. Karatasi ya tanki ilikuwa nzima, sahihi yangu juu yake. Tulijaza, tukasubiri povu, tukaongeza. Pompa ikasimama kwenye litri kumi na nne na desilita mbili. Kompteri: kilometa tisini na nne, kwenda na kurudi. Kwa kompteri, kumi na tano na kidogo kwa mia. Kwa kilometa mia moja na nane za njia ya kweli, kumi na tatu na kidogo, sawasawa na shofere wa kwanza. Nilirudia hesabu mara tatu, kisha nikampa Kambale kalamu, akairudia yeye mara ya nne.

Mama Masika alitupokea uani kwake. "Kumi na tatu ao kumi na tano?"

"Kumi na tatu, Mama. Na hajawahi kutumia zaidi." Nikamweleza habari ya magurudumu.

"Donc shofere hapana mwizi."

"Hapana."

"Na muguu yake?"

"Mwepesi kuliko wangu."

"Na mwenye alikosea ni nani?"

"Ni miye, Mama."

Akamgeukia Kambale. "Mutoto wangu, usukani iko yako. Unisamehe."

"Wasingya, Mama," Kambale akashukuru. Kisha, bila kuinua sauti: "Lakini Papa Katembo hakusemea hapa. Alisemea pa parkingi."

Usiku huo nilisahihisha kurasa zote za miezi saba. Nilijifunza mambo mawili ambayo vitabu vyangu havikuniambia. La kwanza, katika kugawanya tunaangalia sana namba ya juu, litri, kwa sababu ndiyo inayoibiwa, na namba ya chini tunaiamini bila kuiuliza. La pili, namba inayomhusu mtu ni ushahidi, na shahidi anapaswa kuchunguzwa kwanza yeye.

Jumamosi, saa moja asubuhi, nilikwenda parkingi. Mashofere walikuwepo, wapakiaji walikuwepo, na mama wa mikate alikuwa upande wa pili wa njia. Nilifungua daftari nikasoma hesabu mpya, nikasema kosa lilikuwa langu. Nadhani nilisema haraka, nikiangalia karatasi.

Kambale alikuwa ameegemea mlango wa pikapu.

"Papa," akasema, "sema kwa nguvu. Siku ile ulisema kwa nguvu."

Nilifunga daftari, nikainua kichwa, nikaanza tena tangu mwanzo. Safari hii hata mama wa mikate aligeuka.