Kabichi ya Mbuzi Kumi na Moja

Jumapili iliyopita, hapa Butembo, binti yangu wa miaka tisa alisimama mbele ya kanisa akiwa na kabichi kichwani. Yeye na wenzake wanatafuta pesa za kulisha mbwa wasio na wenyewe. Akasema yote kwa sauti kubwa: pesa ni ya nini, mbwa wanalala wapi, ni nyuma ya nyumba ya nani. Watu wakafurahi, mikono ikapanda. Mimi niligeuka kuangalia benchi ya nyuma. Pale alikuwepo mama mmoja tu, ananyonyesha. Nikaangalia tena. Mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho, na wewe unajua kwamba Butembo si mji wa jasho.

Keti basi nikueleze kwa nini mtu mzima, mwenye duka na madeni ya watu, anaogopa kabichi.

Wakati wa vita nilikuwa na miaka kumi. Mji ulikuwa wa askari, leo hawa, kesho wale, na sisi watoto tulijifunza kuwatambua kwa viatu, maana kuinua macho ilikuwa hatari. Watu walikuwa wanapanda kwa miguu kutoka Mangina na Beni, godoro kichwani, sufuria mgongoni. Koko wangu, mama ya mama, alifika hivyo baada ya siku nne njiani, anatetemeka kwa baridi yetu. Hakubeba godoro. Alikuja anavuta mbuzi jike mweusi mwenye sikio moja jeupe. Baba alimuuliza kwa heshima kama nyumbani hakukuwa na kitu kingine cha kuokoa. Koko akamjibu kwamba godoro halizai.

Wakimbizi walilala katika madarasa ya shule, na shule haikupokea mifugo. Ndipo jirani yetu akafungua ua wake. Huyo alikuwa mzee aliyechanja ng'ombe wa serikali zamani, serikali ilipokuwa bado na ng'ombe na sindano, kwa hiyo tulimwita Dokta. Ua wake ulikuwa nyuma ya ukuta wa matofali mabichi na mstari wa mikaratusi. Ukipita njiani unasikia harufu ya majani tu. Mbuzi wa wakimbizi waliingia mmoja mmoja, wakakaa na wawili wa Dokta mwenyewe, jumla kumi na moja. Na mbwa wawili, ambao tuliwaogopa kuliko wote, si kwa meno, kwa sauti. Askari walikuwa wanafuata kila mbweko.

Sharti la Dokta lilikuwa moja: mtu asiseme. Askari wa kambi ya juu walikula nyama kila siku na hakuna aliyewaona wakifuga. Koko alikwenda mule kila asubuhi na maganda ya viazi, akaongea na mbuzi wake kwa Kinande, akampapasa tumbo, akarudi nyumbani na uso uliolegea kidogo. Mbuzi yule alikuwa nyumba yake, shamba lake na safari yake ya kurudi.

Lakini mbuzi hashibi huruma. Ilitakiwa chumvi, pumba, dawa ya minyoo, na Dokta hakuwa ameona mshahara tangu sijui mwaka gani. Watoto watano wa njia yetu tukajipa kazi. Tulisukuma chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali, kwenye mlima wa soko: mwenyewe anavuta mbele, sisi tunasukuma nyuma. Mimi ndiye niliyepatana bei, na nilipatana chini ya mlima, maana ukifika juu mtu hakuhitaji tena. Tulichagua kahawa kwenye depo, tukitoa punje nyeusi mpaka kucha zikanuka. Tulimenya maharage ya mama wa soko, tukauza vipande vya muwa. Mtu akituuliza pesa ni ya nini, tulikuwa na jibu moja: kalamu. Nafikiri katika mji mzima hakukuwa na watoto waliotafuta kalamu kama sisi, na hakuna hata mmoja aliyeandika vizuri. Lakini kila mara risasi zikisikika, chukudu hazikupanda, depo ilifunga mlango, na mbuzi walikula vilevile.

Ikabaki kanisa. Kwetu, asiye na pesa anatoa kitu: kuku, ndizi, kabichi. Baada ya ibada diakoni anakiinua na kukiuza kwa mwenye bei kubwa. Na aliyenunua akitaka anakirudisha kwa Mungu, kikauzwa tena. Niliwahi kuona nanasi moja linauzwa mara nne na bado likabaki nanasi. Tangu hapo nimefanya biashara nyingi, hiyo sijaipata tena.

Diakoni alijua siri yetu. Akaturuhusu tulete kabichi moja kutoka bustani ya Dokta, kubwa, yenye umande bado. Aliiinua akasema ni kwa kazi ya watoto, basi. Ikauzwa, ikarudi. Ikauzwa tena, ikarudi. Mara ya tatu bei ikakwama. Nikamtazama diakoni anavyobembeleza watu, nikaona huyu hajui kuuza. Muuzaji anasema mali yake ni ya nini. Nikasimama juu ya benchi.

"Bamama na bapapa, muongeze. Ni ya kulisha mbuzi ya wakimbizi. Iko kwa Dokta, inalala na njaa."

Mama alifunga macho. Kisha kutoka benchi ya nyuma sauti ikasema, taratibu, "Dola tano."

Alivaa koti la kiraia kama baba wa mtu yeyote. Viatu ndivyo vilivyomtaja. Alikuwa komanda wa kambi ya juu. Akaja mbele, akaweka noti kwenye kikapu, akachukua kabichi kwa diakoni na kunirudishia mikononi. Akainama. Alinukia sabuni nzuri.

"Mbuzi iko ngapi, mutoto?"

Nilijua ni kumi na moja. Nilikuwa nimewahesabu asubuhi ile.

"Tatu."

"Tatu tu?"

"Tatu, mon commandant."

"Bon. Kesho nitakuja kuziona."

Baada ya pale hakuna aliyetaja bei. Kabichi iliyoguswa na komanda hakuna aliyeitaka hata bure, tukarudi nayo nyumbani. Mama hakunipiga. Nilisubiri anipige njia nzima.

Mchana ule wenye mbuzi waliitwa kutoka shuleni. Dokta akawaeleza bila kunitazama: komanda akikuta ua mtupu, atapekua kila nyumba, na hatatafuta mbuzi peke yake. Akikuta tatu, amekuta alichoambiwa. Basi uongo wangu ulikuwa umekuwa sheria. Mbuzi wanane wataondoka, watatu watabaki. Watu walisimama, kila mmoja ameshika kamba yake, hakuna aliyemwangalia mwenzake. Dokta alisema wawili wake wabaki. Ukabaki mmoja wa kutafuta.

Nilitazama viatu vyangu. Nilisikia sauti ya Koko nyuma yangu.

"Yangu ibakie. Ni mujukuu wangu njo alisema."

Hakuisema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

Wanane waliondoka kabla ya saa kumi na mbili, maana baada ya hapo kutembea kulikatazwa. Mmoja alipita ndani ya kikapu chini ya nguo za kufua. Mwingine, mdogo, alipita mgongoni mwa mama mmoja, amefungwa kitenge kama mtoto mwenye homa, na watu walimpa pole njiani. Mke wa Dokta alishuka na mbwa mpaka shamba la bondeni. Kwetu aliingia dume mwenye ndevu, akafungwa jikoni karibu na simbiliki, wale wanyama wadogo wasio na mkia tunaowafuga chini ya mafiga. Walimwogopa. Nami nilimwogopa, asije akalia. Tukawa tunafanana.

Jumatatu saa nne asubuhi komanda akaja na askari wawili. Dokta alikuwa ametuambia watoto tucheze uani kama kila siku, kwa sababu ua usio na watoto unaonekana kama ua wenye siri. Tulicheza. Sijawahi kuchoka na mchezo namna ile.

Akahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaangalia chini. Tulikuwa tumehesabu mbuzi, tumehesabu kamba, tumehesabu nyumba za kuwaficha. Mavi hakuna aliyeyahesabu.

"Mbuzi tatu njo zinakunya hivi?"

Na wakati huohuo, kutoka jikoni kwetu, dume akalia. Mara moja tu. Askari mmoja akageuza kichwa. Hapohapo nikasikia kinu cha mama: du, du, du, anatwanga sombe. Kinu cha jirani kikaitika. Kikaja cha tatu, cha nne. Nilihesabu vinu saba, saa nne ya Jumatatu, katika mtaa ambao haukuwa na majani ya muhogo ya kujaza hata kinu kimoja. Mama aliniambia baadaye kwamba alitwanga maganda ya ndizi.

Dokta alijikohoza. "Ni mbolea, mon commandant. Tunairundika kwa bustani. Ile kabichi ya jana ilitoka humo."

Komanda akaichokoa mbolea kwa ncha ya kiatu. Vinu vinapiga. "Donc, kumbe nililipia mavi."

"Na ukarudisha," Dokta akasema.

Nilidhani ameshakufa. Komanda akacheka, na askari wakacheka baada yake, kwa mpangilio wa vyeo. Kisha kicheko kikaisha.

"Nilitoa dola tano, na kabichi nilirudisha. Munipe kitu yangu."

Nikuambie ukweli, ni hesabu ambayo hata mimi ningeipiga. Akapita kwa mbuzi watatu, akaminya migongo, akasimama kwa yule mweusi mwenye sikio jeupe. Alimpenda kwa tumbo. Alifikiri ni mafuta.

Koko alikwenda mwenyewe kufungua fundo. Askari alipotaka kumvuta mbuzi kwa kamba ile, Koko akasema jambo kwa Kinande, akaishikilia. Dokta akatafsiri kwa sauti ndogo: mama anasema kamba haikuwa kwenye bei. Komanda akainua mabega. Askari akambeba mbuzi shingoni, wakaondoka. Vinu vikanyamaza kimoja kimoja, cha mama kikawa cha mwisho.

Jioni nilimfuata Koko nje, alipokuwa anakunja kamba yake. Nilitaka kumtuliza, na sikuwa na kitu isipokuwa hesabu. Nikamwambia kumi na moja kutoa mmoja ni kumi, tumepoteza mmoja tu, na dola tano zitanunua chumvi nyingi.

"Hesabu tena."

"Koko, nimehesabu."

"Hesabu tena. Alikuwa na wawili ndani."

Njia ilipotulia, wenye mbuzi wao walirudi walikotoka, mbuzi mbele, watu nyuma. Koko naye alirudi Mangina, na kamba kwenye kikapu. Dokta ameshafariki. Ua wake sasa ni depo ya mabati, mikaratusi ilikatwa kwa ajili ya mbao, na harufu ile siipati tena popote. Sombe tunapeleka kwenye mashine, inasagwa kwa mafuta na moshi wakati unasubiri zamu. Ile sauti ya vinu, kinu kikiitika kinu katika ukungu wa asubuhi, mwanangu haijui. Siku moja nilijaribu kumwigia kwa ngumi juu ya meza, akafikiri ninampigia hodi.

Jumapili nilinunua kabichi yake, nikairudisha, nikainunua tena. Njiani aliruka mbele yangu akipanga watakavyojenga banda, nyumba ngapi, mlango upande gani. Nikamuuliza mbwa wako wangapi kwa jumla.

"Sita, mama."

Nikamwambia kesho arudi akawahesabu tena, na majike awapapase tumbo.