Mkata Nyama wa Karamu

Katika vijiji vyote vya upande huu wa Ziwa Toba, hakuna aliyejua kumkata nguruwe wa karamu kama Tagor Hutahaean, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Tagor mwenyewe. Kwa miaka thelathini alikata, akapanga sinia, kisha akasimama kuita: fungu hili la fulani, hili la ukoo fulani. Kumkosesha mtu fungu lake ni kumvua nguo hadharani, na Tagor hakuwahi kukosea. "Hata Ibrahimu angealikwa, ningelijua fungu lake," alipenda kusema, na mkewe, Mama Ester, alipenda kutazama dari.

Basi Pahala, ndugu wa ukoo wa Tagor, akajenga nyumba mpya, akaalika watu Jumapili baada ya ibada. Kichwa cha nguruwe ni haki ya ukoo alikotoka mama yake, yaani haki ya mjomba wake, mzee Ompu Gading, ambaye mali yake yote ni bata sita na suruali moja ya kanisani. Taya la chini ni la Bonar, aliyemwoa dada yake Pahala. Na aliyeoa binti wa ukoo, awe tajiri awe nani, siku hiyo kazi yake ni jikoni.

Bonar, aliyetajirikia Jakarta kwa kuuza magari, jikoni hakutaka hata kupasikia. Jumamosi akamletea Tagor koti jeusi lenye bitana ya hariri.

"Shemeji, mzee wa kanisa mzima unavaa koti la viraka? Vaa hili. Na kesho ukiita kichwa, ulimi uteleze kidogo tu, uniangukie mimi. Nina wageni kutoka Jakarta."

"Ulimi wangu haujazoea kuteleza," alisema Tagor, mkono mmoja ukiwa tayari ndani ya koti.

Jumapili ilikuwa zamu yake ya kusoma. Somo lilikuwa habari za wana wa Eli, makuhani waliochovya uma chunguni na kujitwalia nyama ya sadaka. Alianza kwa kunguruma, maana alipenda sana kuwasomea watu dhambi zao. Alipofika kwenye uma, jasho likamtoka hadi kwenye bitana. Aliona aibu, aibu ya kweli, akamaliza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Baba Ester, mbona leo umewahurumia wana wa Eli?" aliuliza mkewe nje.

"Koti linabana."

Kwenye karamu, Bonar aliketi mkeka wa mbele na wageni wake, simu zikiwa tayari kupiga picha. Ompu Gading alikuwa kule mlangoni. Tagor akainua sinia ya kwanza.

"Kichwa," alisema, akatazama mlangoni. "Kichwa ni cha Ompu Gading. Na taya la chini, la Bonar."

"Na koti langu je, shemeji?" Bonar akauliza.

Tagor akalivua. "Alinipa ili nimpe kichwa, nami nikapokea. Wana wa Eli pengine walikuwa na njaa. Mimi nilikuwa nimeshiba." Watu wakacheka hadi mikeka ikasogea. Akaweka kisu mbele ya Ompu Gading. "Sistahili tena. Akate mwingine."

Alijisikia mwepesi, angeweza kucheza. Tuseme kweli, alijivunia pia jinsi alivyonyenyekea vizuri.

"Sawa," alisema Ompu Gading. "Nusu ya nguruwe bado iko jikoni. Nani mwingine anajua kukata?"

Pahala alikagua dari lake jipya.

"Miaka thelathini, Tagor," mzee akaendelea, "hujamfundisha hata mmoja. Koti tumelisamehe. Hilo jingine ulilifanyia nini?"

Tagor alijua. Alipenda wamngoje yeye tu. Ule wepesi ukamtoka, na moyo ukamuuma kuliko alivyoumia mimbarani.

Akakichukua kisu, akamshika Bonar mkono hadi jikoni, wageni wa Jakarta wakiwafuata na simu zao. Akamkabidhi mpini.

"Si hapo, shemeji. Fuata mfupa."

Bonar akakunja mikono ya shati, akakata mbavu upande, vibaya kweli, nyama ikaruka hadi kwenye ndoo ya maji. Wanawake walishikana mabega kwa kucheka. Tagor alijing'ata ulimi.

"Vizuri," alisema, na neno hilo lilimtoka kwa shida kuliko ungamo lote.