Ombeni Umeme Usikatike

Fundi wa nguo alikuwa na ombi moja tu, na alilirudia kila mara dada yake aliyeishi ng'ambo alipompigia simu.

"Ombeni umeme usikatike."

"Umeme?" Dada aliguna. "Kanisa zima huku tunafunga kwa ajili yenu Wakristo wachache huko, wewe unaniletea habari za umeme?"

"Dada, we omba tu."

Sababu alikuwa nayo. Katika mji ule karibu kila mtu alikuwa Mwislamu, na Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Wakristo wa mtaa wake, ambao wakibanana wangeenea kwenye kochi moja, walikutana jioni katika chumba cha nyuma cha duka lake. Mwenye nyumba, mzee wa Kiislamu aliyeishi ghorofa ya juu, alimwonya tangu siku alipomkabidhi ufunguo: "Kushona ruksa. Mikusanyiko sitaki, watu wa mtaa huu wana maneno." Akigundua, duka lingekwenda, na ibada ingekwenda nalo.

Kwa hiyo waliimba wakijificha nyuma ya mngurumo. Fundi aliketi kwenye cherehani yake kubwa ya umeme, iliyovuma kama lori linalopanda mlima. Wimbo ukianza, anakanyaga pedali. Ubeti ukiisha, anaachia. Na kwa kuwa hakupenda sindano itoboe hewa bure, alipitisha vipande vya vitambaa vilivyobaki, akiviunga kimoja baada ya kingine. Mkanda huo wa rangi zote ulikuwa umejaza kapu, na hakuna aliyejua utafaa kitu gani.

"Joka lako linanenepa," shemeji yake, fundi viatu, alizoea kumtania.

Jumapili moja walifika kwenye kiitikio, mahali ambapo shemeji hupenda kujimwaga. Akafumba macho, akavuta pumzi, akaachia. Umeme ukakatika.

Mashine ikanyamaza, na wenzake wote wakanyamaza nayo. Shemeji hakuwa na habari. Sauti yake nene ilipita dirishani, ikatembea mtaa mzima, mpaka nesi aliyekaa karibu naye akamfinya.

"Nini tena? Nimekosea maneno?"

"Umesikika, wewe!"

Wakasikia kandambili zikishuka ngazi, kisha hodi. Mwenye nyumba aliingia na kurunzi, akalimulika kapu.

"Fundi, kila Jumapili mashine inanguruma, na Jumatatu haitoki hata kaptura. Ulidhani mimi nadhani unashona nini?"

Macho ya fundi yalikuwa kwenye ufunguo wa duka uliotundikwa msumarini. Aliuona kama umeshaondoka.

"Mke wangu hajashuka chini tangu avunjike nyonga," mzee aliendelea. "Jumapili hutaka kiti chake kisogezwe dirishani awasikilize. Mashine yako ndiyo inayomkera. Leo mmekatisha katikati, kanituma niwaambie mmalizie."

"Na... majirani, mzee?"

"Wakiuliza, ninyi ni wageni wangu. Kwangu mimi nani atanipangia wageni?" Alifika mlangoni, akageuka. "Ila huyu mwenye sauti ya ng'ombe akae mbali na dirisha."

Wakamalizia, mwanzoni kwa sauti za kuombea maji, kisha kwa sauti zao wenyewe. Mguu wa fundi uliendelea kuikanyaga pedali isiyo na umeme mpaka mwisho wa wimbo.

Wiki ile aliukunja ule mkanda, akaushona ukawa mto mnene wa kiti, akaupandisha juu kwa mke wa mzee.

Dada alipopiga simu, swali lake lilikuwa lile lile. "Haya, umeme vipi?"

"Ulikatika."

"Wee! Na tulivyoomba! Sasa?"

"Sasa iombeeni nyonga ya mke wa mwenye nyumba," fundi alisema. "Na mkibakiwa na nafasi, sauti ya shemeji."