Ndege Iliyovuta Kushoto

Niligundua kasoro ya ndege ya mume wangu kanisani. Wakati wa mageuzo watu wote walipiga magoti, yeye akabaki ameketi na mguu wa kulia ameunyoosha chini ya benchi la mbele. Tulipotoka nje nikamuuliza.

"Mguu una nini?"

"Umechoka tu."

"Umechoshwa na nini? Jana hukwenda shamba."

"Jana nilirusha," akasema, akaanza kusalimia watu ili nisiendelee.

Mume wangu alikuwa fundi wa ndege ndogo za watalii kwa miaka mingi, na alipovuka hamsini akajifunza kurusha pia. Alipostaafu akaagiza ndege ya viti viwili ambayo mtu huletewa vipande ndani ya makasha, akaiunga mwenyewe. Ilikaa miaka sita uani kwetu Bunda, chini ya turubai. Mimi nilikuwa bado nafundisha shule ya msingi, na nikirudi jioni naitwa nishike chuma nyuma ya bati yeye akigonga ribiti, vile vipini vya kuunganishia bati, kwa mbele. Mkaguzi alikuja mara kadhaa, akakagua, mwishowe akairuhusu iruke. Tukaipeleka kwenye kiwanja cha nyasi upande wa Butiama, cha mzee mmoja mfugaji ambaye kazi yake ilikuwa kuwatoa ng'ombe wake njiani kila tukipiga simu. Lakini kupanda nilikataa. Kila aliponibembeleza nilimjibu, "Mimi hiyo nimeiona ikiwa vipande."

Jumapili hiyo baada ya chakula nilimletea maji ya moto ya kukanda goti, nikakaa mbele yake, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu anakuogopa.

"Inavuta kushoto," akasema hatimaye. "Nikiiachia tu, inageuza pua kama ng'ombe aliyekumbuka zizi. Kwenda Murangi na kurudi nakanyagaga pedali ya kulia muda wote. Sipumziki."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hukusema?"

Akajikanda goti. "Nimeijenga mwenyewe, mama."

Nilimwelewa. Mtu aliyetumia maisha yake kunyoosha ndege za wenzake, yake ndiyo inakwenda upande.

Akanieleza kwamba si jambo la hatari. Upepo wa pangaboi la puani huzunguka mwili wa ndege na kuupiga mkia, na ndege nyingi hufanya hivyo. Dawa yake ni kubandika kabari ndogo kwenye usukani wa mkia, ubavuni, pale ukingo wake unapoishia. Hewa ikiigonga kabari, usukani unasogea kidogo wenyewe na mguu unapumzika. Kazi ni kujua kabari iwe ndefu kiasi gani, na hilo hujulikana angani tu, kwa kuangalia kipimo chenye kipira cheusi ndani ya kioo kilichopinda. Ndege ikienda sawa kipira hukaa katikati. Chake kilikimbilia kulia.

"Nahitaji mtu wa kuangalia kipira na kuandika," akasema. "Mimi macho yangu yawe nje."

"Nani huyo?"

"Wewe una mwandiko mzuri."

Nilicheka mpaka nikamwaga maji. Lakini Jumamosi iliyofuata, asubuhi ambayo haikuwa na upepo, nilikuwa kiwanjani na daftari la mistari.

Alikuwa amechonga kabari ya mti laini, urefu wa kiganja, akaibandika kwa teipu upande wa kulia wa usukani. Nikaitazama.

"Baba, hewa ikigonga hapa, si itausukuma usukani uende kushoto?"

"Mama, hizi si hesabu za darasa la tano."

Tuliruka. Sitajidai: rozari ilikuwa mkononi na macho niliyafumba mpaka magurudumu yalipoacha kugonga nyasi. Tulipofika juu, akaiweka ndege sawa kwa mwendo wa safari, akaniambia nitazame kipimo, akanyanyua miguu kutoka kwenye pedali. Pua ikageuka kushoto mara moja na kipira kikakimbilia kulia mpaka mwisho wa kioo. Nikamshika bega. Akakanyaga haraka, ndege ikatulia.

"Andika," akasema kwenye hedifoni.

"Niandike nini?"

"Andika: upande siyo."

Nikaandika, na tarehe nikaweka.

Tulitua, akaihamisha kabari kushoto bila kunitazama usoni. Safari ya pili kipira kikavuka katikati kikaenda kushoto; sasa dawa ilikuwa imezidi. Nilikuwa na kisu cha kumenyea machungwa kwenye mkoba, akakitumia kufupisha kabari. Safari ya tatu ilibaki kidogo sana, upana wa ukucha. Akakata tena, kipande chembamba, akakipuliza unga wake kama mtu anayepuliza uji wa mtoto.

Mara ya nne alinyanyua miguu akaikunja chini ya kiti. Nikangoja. Kipira kilitikisika, kikaja katikati, kikakaa. Niliogopa hata kupumua nisije nikakisukuma.

"Kikoje?"

"Katikati."

"Bado?"

"Bado katikati, baba."

Nilipomgeukia, alikuwa anatazama mbele kwa nguvu. Baadaye akasema, "Sasa acha hicho kipimo. Tazama nje."

Ndipo nikaliona ziwa. Tulikuwa juu ya Bukima, dagaa wameanikwa mchangani wanang'aa kama mabati mapya. Akanipeleka mpaka Kiriba, nikaona shamba la mihogo la mama yangu na paa lake lenye kiraka. Nikapunga mkono, ingawa nilijua hawezi kuniona.

Wiki chache baadaye akaing'oa kabari, akaweka mahali pake ukanda mdogo wa alumini, akaukunja kidogo kidogo mpaka kipira kikakubali.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni kushuka siku ile. Mzee mwenye kiwanja alitufuata na fimbo yake, akauliza kama ndege imepona. Nilitegemea mume wangu atajibu "ndiyo" na kuondoka. Badala yake aliegemea bawa akamsimulia yote, kuanzia goti mpaka upande siyo, na jinsi mke wake alivyomwambia mapema, yeye akamletea habari za darasa la tano. Mzee akacheka akajipiga paja. Tangu hapo nimemsikia akiisimulia mara nyingi, Musoma sokoni, Bunda stendi, hata kwa mkaguzi. Kila mara anaongeza kitu. Siku hizi husema nilipiga kelele nikataka kuruka nje. Sikupiga kelele. Nilimshika bega tu, na daftari ninalo.