Bunduki Isiyofunguka

Shule niliiacha darasa la tano, lakini sijakiona bado kitu cha chuma kilichonishinda. Nilinyoosha bodi za magari Mombasa, nikaja Wembley nikanyoosha za Waingereza, na gereji niliyoingia kama mfagiaji mwishowe niliinunua. Nayasema mapema ili mjue bunduki ile ilikuwa mikononi mwa nani.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mteja wangu mmoja, mzee wa Harrow aliyestaafu kupeleka barua, alikuwa kapteni wa klabu ya kulenga shabaha, akanichukua siku moja nikajaribu. Wanalala kifudifudi juu ya mkeka, kila mtu na bunduki yake ya risasi ndogo nyembamba, mbele yao karatasi zenye duara. Hata kelele haina, inalia kama mtu anapasua karanga. Nikanogewa. Leseni ilipotoka polisi walikuwa wameshakuja nyumbani kukagua sanduku la chuma nililolibana ukutani. Mke wangu aliwapa mahamri, wakaridhika na sanduku na mahamri pia.

Bunduki niliyonunua ilikuwa kuukuu, imekaa kwa muuzaji mpaka imechoka. Kapteni aliigeuzageuza akasema, "Rafiki yangu, hii ni ya kufukuzia sungura." Klabu nzima ikacheka. Na papo hapo akatangaza kwamba timu ina nafasi moja wazi, atakayepiga vizuri kuliko wenzake Alhamisi ijayo ataichukua. Nikaitaka nafasi ile kuliko nilivyoitaka gereji.

Kwanza nilizijaribu risasi. Bunduki hizi zina deko kama mwenye mimba changa, hii inakula aina hii, nyingine inaitapika. Nilinunua pakiti za kila namna mpaka nikaijua inayoipenda. Hata hivyo matundu yalikaa pamoja matatu, la nne likaenda kutembea. Nikaishika, nikaitikisa sikioni. Chuma kilikuwa kinacheza ndani ya ule mti wake wa kushikia, kama mlango wa gari uliolegea bawaba. Mwenye masomo angefungua kitabu. Mimi nilisikia tu.

Dawa yake ni kumwaga fila, ule uji tunaozibia mabonde ya bodi za magari ukakauka kama jiwe, ndani ya mti, ukilaze chuma humo, ikauke ikiwa imekikumbatia kila upande. Kisha unakitoa na kukirudisha upendapo. Ila ni lazima chuma ukipake nta kwanza kisigande. Jumapili ile nta sikuwa nayo. Nilikuwa na samli ya mke wangu, na kwa baridi ya gerejini samli ilikuwa ngumu kama sabuni. Nikakipaka chuma kote, nikamwaga fila, nikakaza skrubu, nikaenda kula.

Asubuhi nililegeza skrubu, nikavuta. Nikagonga kwa nyundo ya mpira. Wapi! Mke wangu akaja kudai samli yake, akanikuta nimeibana bunduki katikati ya magoti.

"Fila ikiganda si hupata moto?" akauliza.

"Hupata."

"Na samli ikipata moto?"

Nikaiweka nyundo chini. Fila naijua kuliko shati langu. Samli ndiyo sikuijua. Alicheka mpaka akaketi juu ya bampa.

"Basi umewaozesha, bwana," akasema. "Na talaka hapo hakuna."

Nikafikiri nisiende. Lakini kutokwenda ilikuwa ni kukubali ile habari ya sungura, na mimi sijazaliwa kukubali. Nikarudisha skrubu zake, nikaifuta, Alhamisi nikalala mkekani pembeni ya bwana mmoja wa benki aliyekuja na bunduki mpya ya Kijerumani, kila kitu chake kinang'aa.

Risasi ya kwanza ilikaa katikati. Ya pili sikuiona, nikadhani imepotea nje ya karatasi. Kumbe imepita tundu lilelile. Chuma hakikucheza tena. Kingecheza vipi, nacho kimeshakuwa mti? Nilivuta pumzi, nikafyatua, nikavuta pumzi. Kapteni aliziweka karatasi zetu chini ya taa, akayahesabu matundu mara mbili. Nilimpita yule bwana wa benki kwa pointi moja, naye, kwa uungwana wake, akanipa mkono kabla hajaombwa.

Kapteni akachukua bisibisi. Alitaka kuona ndani.

"Haifunguki," nikamwambia.

"Bunduki zote hufunguka."

"Za sungura, ndiyo."

Wakacheka tena, na safari hii kapteni alicheka kuwashinda. Akatoa karatasi ya timu, akajaribu kulitamka jina langu mara mbili, akashindwa, akanipa kalamu niandike mwenyewe. Nililiandika kubwa, likapanda mpaka mstari wa mtu wa juu yangu.