Mlango wa Nne

Zahran bin Sleiman hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema mapema kwa sababu mjini wapo wanaosema mengine. Alizaliwa mtaa wa Malindi, mjini Unguja, katika nyumba ya babu yake ambayo siku hizo ilikuwa imebakiwa na vyumba vitatu visivyovuja. Alianza kwa kufungua redio za majirani, akaingia kwenye televisheni, na kompyuta zilipofika Unguja akawa miongoni mwa wa mwanzo kuzifungua na kuzifunga zikawaka tena. Mpole, mwenye adabu zake. Lakini kwenye kazi alikuwa na kiburi kidogo, alichokitengeneza yeye hakutaka mtu akitie mkono.

Mwaka 2004 alikuwa fundi wa hospitali moja ya watu binafsi mjini, iliyokuwa na kliniki ndogo Uroa, kijiji cha pwani ya mashariki. Huko alikuwapo mkunga, Bi Mwatima, na kompyuta moja. Akihitaji gari ya wagonjwa, Bi Mwatima aliandika ujumbe, ukaja mpaka kwenye seva ya mjini, na karatasi ikatoka kwenye chumba cha madereva. Hapo Mkadam, dereva mkubwa, alikuwa anaikamata na kuondoka.

Tabu ilikuwa umeme. Ndani ya seva kila huduma ilikuwa na mlango wake wa kupokelea ujumbe, na kila huduma iliufungua yenyewe ikishaamka. Umeme ukikatika na kurudi, huduma ya gari ilichelewa kuamka. Aliyebisha wakati huo mashine ilimjibu HAKUNA MTU. Basi siku moja Bi Mwatima akajibiwa hivyo, akapiga simu, kisha kwa wasiwasi wake akaandika tena ujumbe. Zikaenda gari mbili Uroa kwa mgonjwa mmoja, na mjini mzee wa watu akafa kwa kukosa gari. Mkurugenzi alimfokea Zahran mbele ya wauguzi mpaka akatamani ardhi ipasuke.

Zahran akaenda akakaa wiki nzima, akaandika programu aliyoiita bawabu. Ukisikia ilivyofanya kazi utaona raha. Umeme ukirudi, bawabu huamka kabla ya wote, akaifungua milango yote yeye mwenyewe na kuishika. Wanaobisha hawakataliwi, wanaambiwa SUBIRI na kupangwa foleni. Kila huduma ikiamka, bawabu huikabidhi mlango wake ukiwa wazi tayari, pamoja na foleni yake. Aliikabidhi kwa kuhesabu tu: wa kwanza majibu ya maabara, wa pili barua, wa tatu gari. Nayo huduma ya gari ilijua kitu kimoja, kwamba mlango wa tatu ni wake.

Likaondoka neno HAKUNA MTU, halikuonekana tena. Zahran akaenda mwenyewe Uroa akabandika karatasi ukutani juu ya kompyuta: MASHINE IKISEMA SUBIRI, USIPIGE SIMU.

"Na ikisema hivyo ndiyo nnyamaze tu?" Bi Mwatima aliuliza.

"Unyamaze tu, Bi Mwatima. Ujumbe umeshafika mlangoni, hauendi popote."

Hapo hakusema uongo. Ujumbe kweli ulikuwa hauendi popote.

Mwaka ule ule mkewe, Kidawa, alikuwa na mimba ya mwanzo. Kidawa ni mtu wa Uroa, na kwetu mimba ya mwanzo mwanamke huizalia kwa mama yake, hilo halina mjadala. Mwezi wa nane wa mimba ulipoingia, baba yake, mzee Shaame, akaja kumchukua. Zahran hakuwa na wasiwasi. Kliniki iko hatua chache na nyumba ya wakwe, gari iko mjini, na baina yao yuko bawabu wake.

Alkhamisi moja mkurugenzi akamwambia duka la dawa nalo linataka mlango. Huduma yenyewe ilikuwa bado haijawa tayari, lakini Zahran akaona autie mlango kwenye orodha mapema, asije akasahau. Akaupachika baada ya barua. Wa kwanza maabara, wa pili barua, wa tatu dawa, wa nne gari. Akaifunga orodha, akenda kuswali Alasiri.

Huduma ya gari hakuiambia kitu. Lo, dakika moja tu ya kazi.

Siku ile hakikutokea kitu, kwa sababu milango ilikuwa imeshakabidhiwa kitambo. Ijumaa pia. Jumamosi adhuhuri umeme ukakatika mji mzima, ukarudi saa tisa. Bawabu akaamka, akafungua milango minne. Huduma ya gari ikaamka, ikahesabu moja, mbili, tatu, ikachukua mlango wa dawa, ikakaa kuwasikiliza watu ambao hawakuwapo. Mlango wa nne ukabaki wazi, umeshikwa na bawabu, na nyuma yake hamna mtu.

Zahran alitazama taa zake za kuangalizia milango kwenye kioo cha kompyuta. Zilipima kama mlango uko wazi, basi. Zote nne zilikuwa za kijani. Akafurahi, maskini.

Jumapili jioni Mkadam alikuwa kibarazani anafuta vioo vya gari. "Uroa wametulia sana," alisema.

"Alhamdulillahi," Zahran akajibu, akapita zake.

Jumatatu saa nne asubuhi alimkuta Mkadam pale pale, gari inang'aa, anakunywa chai. Sijui nini kilimpitia. Akaingia chumba cha seva na, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, hakuzitazama taa. Akafungua hesabu ya foleni. Maabara, hakuna anayesubiri. Barua, hakuna. Dawa, hakuna. Mlango wa nne, anayesubiri mmoja, tangu saa moja na dakika kumi.

Akairekebisha huduma ya gari, akaandika nne palipokuwa na tatu, akaiamsha upya. Bawabu akaikabidhi mlango pamoja na foleni yake, kama alivyoumbwa kufanya, haikupotea hata nukta moja. Akamsikia Mkadam anamwita kutoka chumba cha pili.

"Zahran, karatasi hii ya sasa hivi? Mbona inasema saa moja?"

Iliandikwa: Uroa. Mzazi, damu nyingi, haikatiki. Kidawa Shaame. Gari upesi.

Hapakuwa na haja ya Mkadam kuondoka. Alipokuwa anawasha gari, simu ya Zahran ililia. Ni mkwewe, yuko na Kidawa ndani ya gari ya samaki, washapita Amani, wanaingia mjini. "Tumengoja sana, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililomtisha Zahran kuliko kelele.

Kidawa alipona. Mtoto, wa kiume, alizikwa siku ile ile baada ya Alasiri.

Kesho yake Zahran alimkuta Bi Mwatima wodini, kakaa kwenye kiti kando ya kitanda, kanga kaivuta mpaka usoni. Pazia lilikuwa limefungwa, na Kidawa amelala nyuma yake.

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Nisamehe, mwanangu. Mzee Shaame alitaka kupiga simu tangu saa moja na nusu. Nkamshika mkono. Nkamwambia washapata, mashine imesema subiri, tukipiga tutawachanganya. Saa nzima na zaidi nimemzuia mzee wa watu. Mwenyewe nlikuwa nasoma ile karatasi yako ukutani."

Alikuwa analia bila sauti. Zahran angeweza kumwachia mzigo ule. Hakuna aliyejua, mkurugenzi mwenyewe alikuwa ameshasema ni bahati mbaya ya umeme. Zahran alisimama pale, ameshika nguzo ya pazia.

"Huna kosa," alisema. "Mashine ingekukataa ungepiga simu, na gari ingefika. Mimi ndiye niliyeiambia isikatae mtu. Na Alkhamisi nikauhamisha mlango wa gari, nikasahau kuiambia gari yenyewe."

Bi Mwatima akamtazama, hajafahamu vizuri. Nyuma ya pazia kitanda kililia. Kidawa, aliyefahamu, alikuwa anageukia ukutani.