Nilitumwa Kupinga Kodi ya Mafuta, Nikaiunga Mkono

Nilikosa usingizi nikijiuliza: je, kama serikali ina hoja? Swali zuri sana kwa mtu asiye na kazi wala jiko. Nakiri mapema, kabla hujaanza kunihurumia: kosa lilikuwa langu, na nililifanya nikiwa na akili timamu na nywele nimechana.

Ninaishi Kawangware 46, nyuma ya kibanda cha Mama Otis, anayekaanga samaki. Nina shahada ya uchumi, kwa hivyo siku zangu nyingi ni huru. Mswada ulipotoka ukipendekeza kuongeza kodi ya mafuta ya kupikia, Mama Otis na wenzake wa karai waliuelewa bila kusoma ukurasa hata mmoja. Mafuta yakipanda, samaki anapanda. Samaki akipanda, vibarua wa mjengo wanarudi kwa sukuma wiki, na jiko linazimwa.

Kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kilikuwa katika ukumbi mmoja kule Kibera. Wao hawangeweza kuacha majiko. Wakanituma mimi.

"Wewe umesoma," Mama Otis akaniambia. "Enda useme hatutaki. Usiongeze kitu."

Nisiongeze kitu! Miaka minne chuoni, halafu niseme neno moja?

Nilipewa dakika mbili. Ya kwanza niliimaliza nikiwasalimu waheshimiwa kwa vyeo vyao. Ya pili nikaeleza kwamba kwa upande mmoja mwananchi anaumia, lakini kwa upande mwingine taifa linahitaji mapato. Nilisikia sauti yangu kwenye spika, nikaipenda. Mungu wangu!

Mwenyekiti alitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi. "Kwa hivyo watu wa Kawangware mnaunga mkono, ila mnataka marekebisho kidogo?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema hatutaki. Lakini niliwaza: kukataa kabisa kutaonekana ukaidi, na huenda siku moja mwenyekiti akahitaji mchumi. Nikajibu, "Kimsingi, ndiyo."

Karani akaandika.

"Keti chini, msaliti!" mzee mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Umekunywa chai yao?"

Sikuwa nimekunywa hata maji. Niliwauza watu bure, tena kwa ufasaha.

"Uliwaambia?" Mama Otis aliniuliza niliporudi.

"Niliwaambia."

Akanifungia samaki mzima, si kichwa kama kawaida. Nikamla. Jamani, nilimla hadi nikalamba gazeti!

Siku tatu nilijitetea mbele ya ukuta. Ukuta haukushawishika. Asubuhi ya nne nikaenda kibandani, wanawake wote wakiparua magamba, nikawaambia kila kitu.

Mama Otis hakunifokea. Aligeuza samaki kwanza. "Mheshimiwa," akasema, "si ungekataa tu kwenda? Ningefunga jiko siku moja niende mwenyewe."

Sasa naitwa Mheshimiwa Kimsingi hadi mtaa jirani wa Kabiro. Watoto wananisalimu hivyo. Na samaki sijaonjeshwa tena, hata mkia.

Wasomi wenzangu, mkitumwa na watu wanaoungua mikono kazini, semeni mlichotumwa. Busara yenu itumieni kwa mambo yenu, muone itawafikisha wapi!

Maoni ya maandishi yalikuwa yanapokelewa hadi Ijumaa. Niliomba niwaandikie. Wakakubali, mradi nisitunge. Kila mmoja alisema sentensi yake, nami nikaiandika jinsi alivyoitamka. Ya Mama Otis: "Hatutaki hiyo kodi, mimi nina watoto wanne na karai moja." Aliisoma mara mbili, akitafuta nilipochomeka kitu, ndipo akatia sahihi.

Juu nikaweka barua yangu: nilichosema ukumbini kilikuwa changu, si chao. Nikaenda kwa miguu hadi ofisi ya kupokea maoni.

Karani aligonga muhuri, akanikazia macho. "Wewe si yule wa marekebisho? Una maelezo ya ziada?"

Nilikuwa nayo, tena mengi. Nikamwambia sina, nikaondoka.